Nikiacha pombe, jioni zangu nitazifanyia nini? (Uzi wa starehe bila kinywaji)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeamua kuacha pombe. Tarehe nimeshapanga, haiko mbali, na wa nyumbani wanajua. Sijaja kuuliza kama niache au nisiache, hilo limeshapita. Wala sihitaji kusomewa madhara, maana mnywaji anayajua kuliko asiyekunywa. Nimekuja na jambo ambalo naona watu wanalikwepa: starehe.

Majuzi nilichukua karatasi nikaandika mambo yote ninayoyafanya kwa kujifurahisha tu, yale ambayo hakuna anayenilipa wala kunilazimisha. Kutazama mpira. Karata na wenzangu. Muziki usiku nikiwa peke yangu. Kupika siku za mapumziko. Kukaa na kaka yangu tukakumbushana mambo ya utotoni. Sherehe za ndugu na marafiki. Halafu nikaweka alama pembeni ya kila jambo ambalo siku hizi silifanyi bila glasi. Karatasi nzima ikajaa alama.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokiogopa. Kiu siiogopi, hata zile siku za kwanza za kukosa usingizi siziogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba pombe imekaa katikati ya furaha zangu kama nguzo ya kati ya nyumba, na nikiing'oa sijui paa litashikwa na nini.

Niwape mfano. Mpira ni dakika 90, lakini sisi tunakaa saa nne. Saa za ziada zote ni za kunywa: kabla ya filimbi, mapumziko, na baada ya mechi tukibishana. Kwenye karata, wenzangu hawaniambii "njoo tucheze", wananiambia "njoo tunywe", karata zinafuata nyuma. Muziki ninaoupenda zaidi nimezoea kuusikiliza usiku wa manane nikiwa nimeshachangamka, na sijui utasikikaje kwa kichwa kikavu.

La kaka yangu ndilo zito. Sisi ni wanaume tuliolelewa kunyamaza. Mambo makubwa tuliyowahi kuambiana, ya wazazi, ya ndoa, ya hofu zetu, tumeambiana tukiwa na glasi mkononi. Naogopa kuipoteza njia hiyo ya kufika kwake kuliko ninavyoogopa kitu kingine chochote katika safari hii.

Kwa hiyo nawaomba mlioacha: zile saa mlizifanyia nini? Tafadhali msiniambie tu "tafuta cha kufanya". Nielezeni saa kwa saa, mlikaa wapi, mikono ilishika nini, mlimwambia nani. Na mnaofikiria kuacha kama mimi, semeni mnachoogopa.

Nawasilisha.

#2 Mchangiaji, muuguzi

Hongera mleta uzi. Swali lako ni zuri na nitalirudia, lakini kwanza niliweke hili hapa juu kwa ajili ya kila atakayeusoma uzi huu.

Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku, na amefanya hivyo kwa muda mrefu, asikate ghafla peke yake nyumbani. Pombe hupoza ubongo. Ubongo uliopozwa kila siku hujifunza kujisukuma upande wa pili ili ubaki macho. Ukiondoa pombe ghafla, ile nguvu ya kusukuma inabaki bila kizuizi. Ndiyo maana mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, ikitokea, mara nyingi hutokea ndani ya saa 48. Kuchanganyikiwa na kuona maruweruwe huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo inaua isipotibiwa. Hospitali wana dawa za kuutuliza ubongo hatua kwa hatua, kama diazepamu, na humpa mgonjwa vitamini B1 ili kuulinda ubongo wake.

Asiyejua yuko kundi gani atumie dodoso la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT. Lina maswali 10, alama ni kuanzia 0 hadi 40, na ukifika 8 ni dalili kwamba unywaji wako umeanza kuwa wa hatari. Lakini ukiona asubuhi mikono haitulii mpaka unywe, usingoje dodoso. Nenda kamwone daktari, na mweleze kiasi halisi unachokunywa bila kupunguza.

#3 Mleta uzi

Asante sana dada, umefanya vema kuanza na hilo. Mimi ni mnywaji wa jioni na wa mwisho wa wiki, na daktari nimeshaonana naye, kasema naweza kuacha bila kulazwa. Alinieleza pia kwamba kuna dawa za kumsaidia mtu kubaki bila pombe, kama naltreksoni na akamprosati, na kwamba kuziomba si udhaifu. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanadhani kuacha ni kukaza meno tu.

Turudi kwenye jioni.

#4 Mchangiaji

Mkuu, mimi nilikuwa kama wewe kwenye mpira, na nilichojifunza ni kwamba saa ngumu ni moja tu, ile ya kwanza. Ukifika mapema, watu bado hawajachangamka, wewe huna cha kushika, kila mtu anakuuliza unakunywa nini. Basi mimi niliacha kufika mapema. Nafika filimbi ikikaribia, naagiza kinywaji changu kisicho na kileo kabla sijakaa, nakishika. Mechi ikianza hakuna anayekuangalia tena. Filimbi ya mwisho ikilia nabishana robo saa, naaga, naondoka. Nimebaki na mpira wote na zaidi ya nusu ya maongezi. Kilichokatika ni zile saa mbili za mwisho ambazo kesho yake hakuna aliyekuwa anazikumbuka.

Kuna jambo lingine lililonisaidia sana kichwani. Mtafiti wa Marekani, Alan Marlatt, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 1973 jaribio ambalo baadhi ya watu waliambiwa wanakunywa vodka na kumbe ni toniki tupu, soda isiyo na kileo, na wengine waliambiwa ni toniki kumbe ina vodka. Kilichoamua mtu anywe kiasi gani ni alichoamini kimo ndani ya glasi, si kilichokuwamo. Ilikuwa hivyo hata kwa walevi wa kupindukia. Baadaye, kwenye Chuo Kikuu cha Washington, alikuwa na chumba cha utafiti kilichotengenezwa kifanane na baa, na humo watu walichangamka, wakacheka na kutaniana kwa kuamini tu kwamba wamekunywa.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile raha unayodhani inatoka kwenye chupa inatoka kwenye mkusanyiko, taa, wenzio na matarajio yako. Hivyo vyote unabaki navyo.

#5 Mchangiaji

Mimi ni mwanamke, nilikuwa nakunywa mvinyo nyumbani, peke yangu, baada ya kazi. Sikuwa na baa wala kundi. Ninasema hili kwa sababu nyuzi nyingi za kuacha pombe zinaongelea wanaume na makundi yao, na sisi wa jikoni tunasahaulika.

Kwangu glasi ilikuwa na kazi moja: kuiambia akili kwamba kazi za leo zimeisha. Kabla ya glasi nilikuwa mfanyakazi na mama, baada ya glasi nilikuwa mimi. Nilipoacha, kilichonitesa ni kwamba siku haikuwa na mwisho. Saa tatu usiku bado nilikuwa najihisi niko zamu.

Ikabidi nitengeneze mpaka mwingine. Nikifika nyumbani, kabla sijagusa kitu chochote, naoga na kubadili nguo zote, hata kama sijachafuka. Simu ya kazi inaingia kwenye droo. Natoka kutembea, mvua ikinyesha nasimama barazani. Nikirudi namkuta mtu mwingine ndani yangu. Watoto walizoea upesi kuliko nilivyodhani, wakajua mama akitoka kutembea asiulizwe maswali ya shule.

Mleta uzi, umesema unaogopa muziki wa kichwa kikavu. Nikuambie ukweli: mwanzoni unakera. Nilikuwa naona kila kitu kina makali, sauti, mwanga, hata watu wangu. Usiusikilize usiku wa manane. Usikilize asubuhi, au ukiwa safarini, mahali ambapo hapajawahi kuwa na glasi. Ukiurudisha kwenye usiku wako baadaye, hautakuwa na kivuli cha zamani.

#6 Mchangiaji

Naunga mkono post ya dada hapo juu, na niongeze onyo ambalo mimi sikupewa.

Wiki za mwanzo karibu kila starehe itakuwa chapwa. Utakwenda kutazama mpira utaona mechi ndefu. Utafungua kitabu utasoma ukurasa mmoja mara nne. Utasema, "kumbe maisha bila pombe ndiyo haya." Si kweli, siyo haya. Ubongo uliozoea kupata dopamini (kemikali ya ubongo inayohusika na raha) nyingi kwa njia ya mkato unachukua muda kuanza kuziona raha ndogo tena. Wengine wiki chache, wengine miezi. Kwa hiyo usihukumu kitu chochote katika kipindi hicho. Kama umejaribu kuogelea ukaona hakuna raha, usikifute kwenye karatasi yako. Andika "bado".

Usingizi nao hivyo hivyo. Watu wanadhani pombe inalaza. Inakuangusha upesi, kweli, lakini inabana usingizi wa ndoto sehemu ya kwanza ya usiku, halafu sehemu ya pili unaamka amka. Fanya hesabu: bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo, na ini linahitaji saa mbili hadi tatu kuimaliza. Ukinywa bia tatu, ya mwisho saa nne usiku, mwili unaweza kufanya kazi mpaka karibu na alfajiri. Ukiacha, mwanzoni utalala vibaya zaidi na utaota sana, hata utaota unakunywa. Wengi wanaamka na hatia kana kwamba wamekunywa kweli. Ni ndoto tu, amka uendelee na siku yako.

#7 Mleta uzi

Hili la "bado" nimelichukua, nitaliandika pembeni ya zile alama.

Dada wa post namba 5, umenigusa. Sikuwahi kufikiri kwamba glasi ya jioni ni mlango. Na mimi ya kwangu ya siku za kazi ni ya namna hiyo hiyo, nafunga nayo siku.

#8 Mchangiaji

Naomba niseme jambo kwa wale wanaoona suala la starehe ni la pembeni, eti cha msingi ni nia.

Mwaka 1973 huo huo, George Hunt na Nathan Azrin walichapisha kazi waliyofanya kwenye hospitali moja ya jimbo la Illinois. Waliwachukua watu waliolazwa kwa ulevi wakawagawa makundi mawili yanayolingana. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya hospitali. Jingine lilipata huduma hiyo na zaidi: walisaidiwa kupata kazi, kutengeneza ndoa na familia, na kutengeneza starehe. Waliichukua baa ya zamani wakaigeuza klabu ya wanachama isiyoruhusu kileo. Kulikuwa na muziki, dansi, karata, sinema, matembezi. Aliyefika akiwa na dalili za kunywa alirudishwa mlangoni. Miezi iliyofuata, kundi la kawaida lilitumia asilimia 79 ya muda wao likinywa. Hili jingine, asilimia 14. Walikuwa watu wachache, 8 kila upande, lakini njia hiyo imeendelea kutumika na kupimwa kwa miongo mingi tangu hapo.

Tazama Iceland pia. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Hawakuhubiri tu. Wazazi walishirikishwa, watoto walizuiwa kuzurura usiku, sheria zilikazwa, na fedha za umma zikamwagwa kwenye michezo, muziki, dansi na sanaa za kila aina, hata familia zikasaidiwa kulipia.

Sisi watu wazima tunajiambia tuache pombe halafu tunajipa nini? Kiti na ukuta. Mleta uzi ameuliza swali linalopaswa kuulizwa la kwanza.

#9 Mchangiaji

Mimi naona mnamtisha bure. Kwa nini asipunguze tu? Mbili za Jumamosi hazimuui mtu, na rafiki zake anabaki nao.

#10 Mchangiaji, muuguzi

Ndugu wa post namba 9, wapo wanaoweza kupunguza wakabaki hapo, na kwa asiye na utegemezi hiyo ni hatua nzuri kuliko kutofanya kitu. Lakini kwa mtu ambaye ameshajua kwamba ya pili humletea ya sita, kupunguza kunachosha kuliko kuacha. Kila Jumamosi inakuwa mahakama: leo ngapi, nimeshafika, hii ni ndogo haihesabiki. Anayeacha anaamua mara moja. Na kuhusu "haimuui mtu", kileo kimewekwa kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Mleta uzi amesema hataki kusomewa madhara, kwa hiyo naishia hapo. Yeye ameshaamua, tumsaidie kwenye alichoomba.

#11 Mchangiaji

Nimesoma nikalia kidogo. Mimi ni mke wa mtu aliyeacha. Niruhusuni niseme ya upande wetu.

Mume wangu alipoacha, alirudi nyumbani. Nilikuwa nimeliomba hilo miaka mingi. Lakini alirudi na saa zake zote, akazikabidhi kwangu. Akawa amekaa sebuleni ananiangalia, kana kwamba mimi ndiye niwe starehe sasa. Na mimi nilikuwa nimeshajenga jioni zangu bila yeye, nina kwaya, nina dada zangu, nina kipindi changu cha redio. Tuligombana mwezi ule kuliko alipokuwa anakunywa.

Kilichotusaidia ni kugawana. Jioni mbili ni za pamoja, tena kwa jambo linalojulikana, siyo kukaa tu. Nyingine kila mtu ana yake. Yeye alianza kwenda kwenye mikutano ya walioacha pombe, halafu akajiunga na watu wa sataranji. Kaka yangu mleta uzi, usimfanye wa nyumbani kwako mlinzi wa chupa wala mchekeshaji wako. Mwambie unachoogopa kama ulivyotuambia sisi. Na umwulize yeye jioni zake anazifanyia nini. Inawezekana hujawahi kumwuliza.

#12 Mchangiaji

Kwa kuwa mikutano imetajwa: niseme kidogo, maana mimi ndiko nilikopata watu. Alcoholics Anonymous ilianza 1935 kule Akron, Ohio. Bill Wilson alikuwa safarini, biashara imemharibikia, amesimama ukumbini mwa hoteli Jumamosi ya mwezi Mei. Upande mmoja kuna baa yenye kelele za watu wanaofurahi, upande wa pili kuna simu. Akapiga simu, moja baada ya nyingine, mpaka akaunganishwa na daktari mmoja aliyekuwa mlevi kama yeye, Bob Smith. Walikaa wakaongea saa nyingi.

Ninapenda kuisimulia habari hiyo kwa sababu hakuwa ameshikwa na kiu tu, alikuwa mpweke kwenye mji wa watu na jioni ndiyo inaanza. Sharti la kujiunga mpaka leo ni moja, kutaka kuacha kunywa. Si kila mtu anaupenda mtindo wao, na siyo njia pekee, lakini mkutano wenyewe ni jioni iliyopata kazi. Unatoka nyumbani, unakutana na watu, unacheka. Watu hawajui jinsi tunavyocheka mle.

Hamu ikikujia, kumbuka pia kwamba ina kilele. Mara nyingi inapanda, inafika juu, inashuka, yote ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Huhitaji kuishinda usiku kucha, unahitaji jambo la kukufikisha mwisho wa nusu saa. Na ujichunguze kabla: una njaa? Umekasirika? Uko peke yako? Umechoka? Mara nyingi mojawapo ndiyo inayoongea.

#13 Mchangiaji

Sherehe sasa, maana hazijaguswa. Jibu fupi ndilo linalofanya kazi. "Leo sinywi, asante." Basi. Ukieleza sana, unafungua mjadala, na anayemimina yuko tayari kujadili mpaka asubuhi. Shika glasi yako tangu mlangoni. Nenda na usafiri wako ili uondoke unapotaka. Jipe kazi: piga picha, pokea wageni, cheza na watoto, simamia muziki. Mwenye kazi hasumbuliwi.

Kuhusu bia zisizo na kileo, angalia lebo. Nchi nyingi zinaruhusu ziitwe hivyo zikiwa na hadi asilimia 0.5. Kiasi hicho hakimlevyi mtu, lakini ladha na harufu vinaweza kuiamsha hamu ya anayeacha. Wengine zimewasaidia sana, wengine zimewarudisha. Kama ulikuwa mtu wa bia, subiri kwanza.

Marafiki: utapungukiwa na wachache, usinichukie kwa kukuambia. Wale wa glasi tu wataacha kupiga simu bila ugomvi wowote. Inauma. Waliobaki utawajua kwa jambo moja, watakubali kukutana nawe asubuhi.

#14 Mleta uzi

Wadau, nimesoma yote, mengine mara mbili. Nimeongea na wa nyumbani, nikamwuliza jioni zake anazifanyia nini. Shemeji wa post namba 11, ulikuwa sahihi, sikuwahi kumwuliza. Tuliongea muda mrefu, na sitayaandika hapa.

Mpango wangu wa mwanzo ni huu. Siku za kazi nitafunga siku kwa kuoga na kutembea kama dada wa post namba 5. Mpira nitafika filimbi ikikaribia. Karata nimewaambia wenzangu tucheze kwangu Jumapili asubuhi, wawili wamekubali, mmoja kanyamaza. Kupika nitaendelea, ila chupa zote zinatoka ndani kabla ya tarehe, hata ile ya kuwekea kwenye mchuzi.

Kaka yangu nilimpigia simu. Nilimwambia naacha, na nikamwambia wazi kwamba kinachoniogopesha ni kumpoteza yeye. Akakaa kimya, halafu akasema tutembee. Alisoma mahali kwamba wanaume huongea vizuri wakiwa bega kwa bega kuliko uso kwa uso. Sijui alisoma wapi, lakini tulipokuwa wadogo mambo yetu yote tuliyaongea tukitembea kwenda shule, hilo nalijua mwenyewe. Tumepanga njia ndefu.

Limebaki la muziki. Nimefikiri badala ya kuusikiliza tu, niupige. Nina gitaa la zamani la mjomba, halijaguswa. Kuna aliyejifunza akiwa mtu mzima, vidole vikiwa vimeshakakamaa? Alianzia wapi?

#15 Mchangiaji

Nimeingia kwa ajili ya swali la gitaa. Mimi nilianza nikiwa na wajukuu.

Kwanza angalia nyuzi. Kama ni za chuma na zimeshika kutu, zitoe. Kama gitaa lenyewe ni la nyuzi za nailoni, umebahatika, haziumizi sana. Usifunge za chuma kwenye gitaa lililotengenezewa nailoni, mvuto wake ni mkubwa na unaweza kulipinda. Patanisha kwa programu ya simu, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Anza na mkao wa vidole uitwao Em, ni vidole viwili tu. Halafu G, C na D. Kwa mitatu hiyo utapiga nyimbo nyingi kuliko utakavyoweza kumaliza. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo, kisha ngozi inakuwa ngumu. Piga robo saa kila siku, usipige saa tatu Jumamosi halafu ukaacha wiki nzima. Na kuhama kutoka G kwenda C kutakukasirisha. Fanya polepole bila kupiga, mkono wa kushoto peke yake, mpaka vidole vianze kwenda pamoja.

#16 Mleta uzi

Nimelitoa gitaa stoo, mzee wangu. Ni la nailoni. Uzi wa B umekatika, nyuzi tano zilizobaki zinaonekana nzima. Je, ninunue huo mmoja, au nibadilishe zote kwa pamoja?

#17 Mchangiaji

Badilisha zote. Ukiweka uzi mmoja mpya kati ya nyuzi za zamani, utasikika peke yake. Nyuzi mpya za nailoni zinalegea siku za mwanzo, kwa hiyo utapatanisha mara kwa mara, usidhani umeharibu. Ukikwama kwenye kufunga fundo la uzi pale kwenye daraja, weka picha hapa.